NME ilikufaje? Acheni kuisingizia intaneti

Juzi kijiweni hapa Mwanga, Kigoma, kwenye kahawa, stori ilianzia kwa magazeti ya burudani yanayofungiwa dagaa sokoni ikaishia kwa NME, lile gazeti la muziki la kila wiki la Uingereza, kila mtu anajua chake na vingi sio kweli.

Eti lilianza kama gazeti la rock. Wapi! Kabla ya 1952 liliitwa Accordion Times and Musical Express, yani mambo ya wapiga kodiani, likawa hoi, promota wa muziki Maurice Kinn akalinunua kwa pauni 1,000 tu akaliita New Musical Express, ndo hiyo NME.

Afu hii ya kwamba chati yao ilihesabu mauzo ya nchi nzima. Novemba 1952 jamaa wa gazetini, Percy Dickins, alipigia simu maduka kama 20, akajumlisha walichouza, ndo ikawa chati ya kwanza ya Uingereza, wakaiita 12 bora ila nyimbo zilikua 15 maana zingine zilifungana. Na sisi huku tunatokwa povu nani namba moja, Kiba au Diamond, wote damu ya Kigoma!

Sasa hii ya intaneti kuliua. Kilele chao kilikua 1964, enzi za Beatles, zaidi ya nakala 300,000 kwa wiki, na miaka ya 90 hata kabla watu hawajajua imeili mauzo yalishakua mbali sana na hapo. Tena tovuti yao walifungua wenyewe 1996, mapema tu. Intaneti ilimalizia, sikatai, habari na nyimbo zikawa za bure, mpaka 2015 wanauza kama 15,000 kwa wiki.

Kwaiyo lilikosa wa kulisoma? Hapana, hapa ndo patamu. Septemba 2015 wakaanza kuligawa bure stesheni za treni na vyuoni, nakala zikarudi 300,000 kama enzi za Beatles, na bado Machi 2018 likafa, kwa sababu la bure linaishi kwa matangazo tu, na matangazo ya karatasini yalikua yanakauka huku gharama za kuchapa zinapanda.

Na halijazikwa moja kwa moja. Tovuti iliendelea, 2023 hata karatasi ikarudi, ila kila baada ya miezi miwili. Muuza kahawa akauliza kama karatasi yake inafaa kufungia kashata.