Oman walivyozalisha wauguzi wao, na funzo lake kwetu Kisumu

Wanafunzi ninaowafundisha uuguzi hapa Kisumu karibu wote wanaiwaza Ghuba, yaani nchi za Kiarabu kama Oman na Saudi Arabia. Hata kabla ya kufanya mtihani wa Baraza la Wauguzi, wengine wameshaulizia mtihani wa Prometric, ule wa kuombea leseni ya kazi Ghuba, na gharama za kuhakiki vyeti. Siwakatazi, maana najua hali ya ajira nyumbani. Ila nataka waende macho yakiwa wazi: nchi wanazozitazama zina mpango wa kujaza wodi zao na wauguzi raia, na mpango huo umeanza zamani.

Sultani Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970, hospitali za Oman zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Zilipojengwa nyingine, kwa kasi kubwa, waliozitia uhai walikuwa wauguzi wa kutoka nje, hasa India na Ufilipino. Miaka ya 1990 serikali ikafungua vyuo vya uuguzi mikoani, hadi Salalah kule kusini. Wakati huo Waomani walikuwa sehemu ndogo tu ya wauguzi wa Wizara ya Afya. Miongo miwili baadaye walikuwa zaidi ya nusu.

Saudi Arabia ilitangulia. Ilianza kufundisha wauguzi Riyadh mwaka 1958, wanaume 15, na wasichana wakafuata mwaka 1961. Pamoja na kutangulia huko, imeendelea kutegemea wageni kwa miongo mingi. Familia nyingi hazikupenda binti afanye zamu za usiku au ahudumie wanaume, na wengi walioingia kazini waliacha wakishaolewa. Ndiyo maana naona vyuo vya mikoani vya Oman vilikuwa uamuzi wa busara sana. Binti alisoma karibu na kwao, akaajiriwa karibu na kwao, na wazazi wakaizoea kazi yake.

Jambo la pili ndilo linalonigusa zaidi. Vyuo vile vilikuwa vya Wizara ileile iliyokuwa inaajiri. Aliyepanga idadi ya wanafunzi alijua nafasi zilizopo hospitalini.

Kwetu, sehemu ya kwanza, ya kujaza wodi na wauguzi raia, tuliimaliza kitambo. Magharibi ya Kenya, uuguzi wa kisasa uliletwa na wamisheni: Maseno, Kaimosi, Mukumu. Metroni alikuwa mzungu, Mwafrika alikuwa dresa, yaani mfunga vidonda, au msaidizi. Mafunzo ya wauguzi Waafrika wa ngazi ya usajili yalianza Nairobi miaka ya 1950, na baada ya Uhuru wageni wakapungua mwaka hadi mwaka. Eunice Muringo Kiereini akawa muuguzi mkuu wa serikali, kisha akaliongoza Baraza la Kimataifa la Wauguzi kuanzia 1981 hadi 1985. Leo ukiingia hospitali ya Jaramogi, ile ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, muuguzi anayekupokea ni mtoto wa hapa.

Kwa hiyo kufundisha tunaweza. Kinachotushinda ni kuajiri na kumshika mtu abaki. Tangu 2013 wauguzi wengi wa umma wako chini ya kaunti, na kaunti inaajiri kulingana na mfuko wake, mara nyingi kwa mikataba mifupi. Mwaka 2017 wauguzi waligoma kwa miezi mitano. Mhitimu mwenye leseni anakaa nyumbani huku mwenzake wa zamu ya usiku akihudumia wodi iliyofurika. Kisha serikali inasaini mikataba ya kupeleka wafanyakazi nje, na Uingereza mwaka 2021, na Ujerumani mwaka 2024. Mimi nasema wazi, hilo linaniuma. Tumewaondoa wageni kwetu, halafu wetu tunawapeleka wakawe wageni kwingine.

Watu wa mipango huhesabu vyeti, na hapo ndipo wanapokosea. Uuguzi unakomaa kando ya kitanda. Mtoto wa miezi minane analetwa wodini anakohoa. Mwanafunzi anamwangalia akiwa amefunikwa shuka, anaandika kwamba anapumua vizuri. Muuguzi mzoefu anamfunua kifua, anasubiri atulie, anamwambia mwanafunzi ahesabu pumzi dakika nzima, sio nusu kisha azidishe. Zikifika 50 au zaidi kwa umri huo, ni pumzi za haraka. Anamwonyesha sehemu ya chini ya kifua inavyobonyea ndani mtoto akivuta hewa, na pua zinavyotanuka. Mwanafunzi akiliona hilo mara kadhaa akiwa na mtu wa kumsahihisha, halimtoki tena. Darasani nitachora mpaka chaki iishe, nisifikie hapo.

Sasa piga picha nchi imewaondoa wageni wazoefu kwa haraka ili takwimu za uraia zipendeze. Idadi ya wauguzi itabaki ileile, lakini nani atamfunua yule mtoto kifua? Kwa sababu hiyo, nchi zenye busara huanza na nafasi za wodi za kawaida. Vitengo vya wagonjwa mahututi, kusafisha damu, upasuaji na watoto wachanga huchelewa kuachwa na wageni, kwa kuwa mtaalamu wa huko huchukua miaka kuiva.

Anayetaka Ghuba aangalie hapo. Diploma ya kawaida peke yake itazidi kupoteza thamani huko kadiri raia wanavyohitimu. Fanya kazi hapa kwanza, hata hospitali ya misheni, upate mkono. Kisha rudi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, usomee diploma ya juu ya wagonjwa mahututi au ya figo. Jifunze Kiarabu cha kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Oman utakutana na wazee wenye asili ya Zanzibar wanaozungumza Kiswahili safi, lakini usiwategemee hao tu.

Na kwa kaunti zetu, Kisumu, Kakamega, Nakuru na nyingine: kabla ya kukata utepe wa chuo kingine, tangazeni kwanza nafasi za ajira za kudumu, pamoja na nafasi za wauguzi wazoefu ambao kazi yao rasmi, inayolipwa, ni kuwalea wanafunzi wodini.