“Haki ya mtu haiozi, mwanasheria”

Jumamosi iliyopita wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho waliweka meza mbili na viti vya plastiki jirani na stendi ya Usa River, mkoani Arusha, Tanzania, kutoa msaada wa kisheria kwa wafanyakazi. Kufika saa sita mchana nilikuwa nimeshaambiwa mara tatu: “Haki ya mtu haiozi, mwanasheria.” Nimeyasikia maneno hayo Tengeru, nimeyasikia Moshi mjini kwa wapagazi, na kila mara anayeyasema amekuja akiwa amechelewa.

Inaoza. Ya kuachishwa kazi inaoza kwa siku 30.

Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 64, kanuni ya 10, hazina fumbo. Unayepinga kuachishwa kazi unatakiwa uwe umefika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30 tangu siku uliyoachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kukuachisha au wa kuthibitisha kwamba umeachishwa. Madai mengine, kama mshahara ambao haukulipwa, yana siku 60.

Mama mmoja alitukalia mezani na bahasha ya kaki. Alifanya kazi miaka sita kwenye shamba la maua, upande wa kufungasha. Waridi la Februari lilipokwisha kusafirishwa, tarehe 28, wakampa barua. Msimamizi akamwambia, “Nenda kapumzike mama, kazi ikichanganya tutakuita.” Akapumzika. Machi alipiga simu mara mbili. Aprili alikwenda kwa afisa kazi, Mei akapanga foleni kwa mkuu wa wilaya, akapokelewa vizuri na kuahidiwa kwamba shamba litapigiwa simu. Kwetu alifika tarehe 14 Juni. Mwanafunzi aliyekuwa anamhudumia alihesabu kwenye kalenda ya simu, akanitazama bila kusema kitu. Siku 106.

Hakuna hata sehemu moja kati ya hizo alizopita iliyosimamisha hesabu. Afisa kazi anakagua mahali pa kazi na kusimamia utekelezaji wa sheria. Kuamua kama uliachishwa kihalali si kazi yake. Mkuu wa wilaya pia hana mamlaka hayo. Na mazungumzo na bosi, hata yawe ya heri namna gani, hayasimamishi muda. Mahakama ya Rufani imeshalisema hilo. Ongea na bosi, sikukatazi, lakini fomu Na. 1 ya CMA iwe imeshajazwa na kufikishwa Tume, nakala amepewa mwajiri na ushahidi wa kuipokea unao mkononi. Hailipiwi hata shilingi. Yakipatikana mapatano kabla ya siku ya usuluhishi, unaliondoa shauri, hakuna aliyeumia.

Watu huniuliza, je, Tume haiwezi kusamehe? Inaweza. Kuna fomu Na. 2, inaambatana na kiapo cha sababu za kuchelewa. Lakini tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Lyamuya Construction, ombi Na. 2 la mwaka 2010, kila mwanafunzi wa sheria nchini anajua kipimo: ueleze muda wote uliochelewa, kusiwe na uzembe. Kila siku ina maelezo yake. “Nilikuwa nasubiri kuitwa” haielezi hata siku moja.

Ndiyo maana nawaambia wote wanaonisikiliza: siku unayopewa barua, kabla hujafika nyumbani, ipige picha, mtumie mtu unayemwamini kwa WhatsApp, na uandike tarehe ukutani kwa kalamu nene. Hesabu siku 20, usihesabu 30. Zile kumi za mwisho ni za kuugua, kufiwa na kukosa nauli, kwa sababu hayo yatatokea.

Mengine niliyoyasikia siku hiyo hayahitaji maneno mengi.

“Sina mkataba wa maandishi, kwa hiyo sina kesi.” Unayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ndiye aandike masharti ya kazi, na kifungu cha 15 kinasema akishindwa kuyatoa mbele ya Tume, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Sheria ya Taasisi za Kazi, kifungu cha 61, inakuhesabu mwajiriwa hata kwa dalili moja tu: unapangiwa saa za kazi, unapewa vifaa, au umemfanyia mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mpagazi anayepanda mlima na kampuni ileile msimu mzima aisome hiyo taratibu.

“Amenilipa notisi, basi ni halali.” Siku 28 za notisi kwa anayelipwa kwa mwezi si sababu ya kumwachisha. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinadai sababu halali na utaratibu wa haki, na anayethibitisha ni mwajiri. Ila ukiwa na chini ya miezi sita kazini, ulinzi huo haukuhusu, na hilo wafanyakazi wengi hawataki kulisikia.

“Kiinua mgongo ni mshahara wa mwezi kwa kila mwaka.” Ni siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, na miaka haihesabiwi zaidi ya kumi. Yule mama ni siku 42. Za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni nyingine kabisa.

Na tafadhali, ukiambiwa “andika barua ya kuacha kazi mwenyewe tukulipe haraka,” usiandike. Ukishaandika, mbele ya Tume itabidi wewe ndiye uthibitishe kwamba ulisukumwa.

Mama wa bahasha ya kaki tumemjazia fomu Na. 2, wanafunzi wawili wanaandaa kiapo. Hadi siku aliyofika mezani alikuwa na siku 76 za kueleza. Karatasi za mtoto wake kulazwa zinaeleza 11. Jumatatu anarudi na daftari lake la simu tuone kama kuna kingine.