Vichezeo vya mtoto mchanga: dhana za dukani na ukweli wake

Dhana: Kichezeo kinachoimba na kuwaka taa ndicho kinachomfundisha mtoto kuongea.

Kariakoo muuzaji atakibonyeza mbele yako, kiimbe alfabeti za Kiingereza, na mtoto aduwae. Kuduwaa si kujifunza. Mtafiti Anna Sosa wa Marekani aliwarekodi wazazi 26 wakicheza nyumbani na watoto wao wa miezi 10 hadi 16. Matokeo yake, yaliyochapishwa 2016, yalionyesha kuwa wazazi walipopewa vichezeo vya betri walizungumza kidogo kuliko walipokuwa na vitabu au vichezeo vya kawaida. Watoto nao walitoa sauti chache kuliko walipofunguliwa kitabu. Kifaa kinapoongea, mzazi hunyamaza, ilhali mtoto huokota lugha kwa kujibizana: yeye anasema "ba", wewe unamjibu, naye anangoja zamu yake. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua kitabu cha picha chenye kurasa ngumu, na usichukie akikitafuna.

Dhana: Woka, kile kiti cha mtoto chenye magurudumu, humwahisha mtoto kutembea.

Hapana. Mtoto aliye ndani ya woka husukuma kwa ncha za vidole na haioni vizuri miguu yake, wala hajifunzi kujizuia asianguke. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wa woka mwaka 2004, na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimekuwa kikidai marufuku kama hiyo nchini mwao, hasa kwa sababu ya watoto wanaoporomoka kwenye ngazi. Kwetu naogopa zaidi jiko la mkaa lililo sakafuni na sufuria ya uji inayochemka: woka humfikisha mtoto hapo kabla hujageuka. Tandika mkeka, umwache ajivute, ajigeuze, asimame kwa kushika kiti.

Dhana: Vitu vya nyumbani ni vya wasio na uwezo.

Mafunzo ya malezi ya WHO na UNICEF kwa wahudumu wa afya yanawaelekeza wazazi watumie hivyohivyo: vikombe vya plastiki vya kupanga na kutumbukiza, sufuria na mwiko wa kugonga. Mtoto wa wiki chache huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, na uso wako unapomnyonyesha uko hapohapo. Midoli iliyoning'inizwa juu darini haimfikii. Akifika miezi minane hivi, funika kijiko kwa kanga mbele yake. Akiivuta kanga kukitafuta, ameshaelewa kwamba kitu kisichoonekana bado kipo.

Dhana: Basi chochote cha nyumbani ni salama.

Hapa naomba usome polepole. Kete za bao, shanga, sarafu na maharage ndani ya chupa yenye kifuniko kilicholegea vinaweza kumkaba mtoto. Kipande cha puto lililopasuka pia, na hicho ni kigumu sana kukitoa kooni. Kitu kinachopita kwenye kile kibomba cha karatasi kinachobaki toileti pepa ikiisha, usimpe. Kopo lenye ukingo mkali liache, na chombo kilichowahi kuwekwa dawa ya kuua wadudu wa mimea kisiguswe hata kikioshwa mara ngapi. Betri bapa zinazofanana na sarafu ni hatari kuliko zote: ikikwama kooni huunguza ndani ya saa 2. Ukishuku ameimeza, nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje dalili.

Dhana: Alama ya "0-3" ina maana kichezeo ni cha mtoto wa miaka 0 hadi 3.

Ni kinyume. Ule uso wa mtoto uliokatwa kwa mstari kwenye alama hiyo unasema kisitolewe kwa aliye chini ya miaka 3. Itafute hata kwenye midoli ya mtumba.

Dhana: Vikiwa vingi ndivyo anavyochangamka.

Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, kiliwapa watoto wa miezi 18 hadi 30 vichezeo 4, na wakati mwingine 16. Kwenye vinne walikaa na kila kimoja muda mrefu zaidi na kukichezea kwa njia nyingi zaidi. Kwa hiyo ficha vingine, uvitoe kwa zamu. Au badilishaneni na jirani mwenye mtoto wa umri huohuo, mkivisafisha kwanza kwa maji na sabuni.