Levodopa na glasi ya maziwa

"Dawa hii ni kali, inywe na maziwa." Mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa, hapa Nairobi huambiwa hivyo kuhusu levodopa, dawa yake kuu, na jirani, na wakati mwingine hata kwenye duka la dawa. Baadaye yaja dhana inayochosha zaidi: kwamba mwili umeizoea levodopa, haifanyi kazi tena.

Kweli, kadiri ugonjwa unavyoendelea kila dozi hudumu muda mfupi zaidi. Lakini dozi ya alfajiri ikifanya kazi vizuri na ya saa nane mchana ikashindwa, tazama kwanza sahani ya mchana.

Dopamini, kemikali ya ubongo inayopungua katika Parkinson, haivuki kizuizi cha damu na ubongo, yaani kuta za mishipa zinazochuja kinachoingia ubongoni. Levodopa, ambayo ubongo huigeuza dopamini, huvuka kwa kuwa ni amino asidi (kijenzi cha protini), na hubebwa na protini safirishi LAT1 iliyo kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo. LAT1 hiyo hiyo hubeba lusini, tirosini, triptofani na wenzao watokao kwenye nyama, maziwa na maharagwe. Kila inapoingiza molekuli moja hutoa nyingine, na hata kabla hujala huwa karibu imejaa. Ukishiba nyama choma, amino asidi hufurika kwenye damu na levodopa hukosa nafasi, huku nusu yake ikitoweka kwenye damu kwa saa moja na nusu hivi. Kabidopa iliyomo kwenye tembe huzuia levodopa isigeuzwe dopamini njiani. Haiiongezei nafasi kwenye LAT1.

Kwa hiyo meza tembe kwa maji, dakika 30 kabla ya kula au saa moja baada ya kula. Ukipata kichefuchefu, kula ndizi au uji usiotiwa maziwa. Nyama, mayai na githeri visogeze jioni. Vidonge vya madini ya chuma vitenge kwa saa 2, maana chuma huishika levodopa tumboni. Protini usiiache kabisa: mtu wa kilo 60 huhitaji karibu gramu 50 kwa siku. Wala usikatize tembe ghafla. Homa kali na misuli kukakamaa vinaweza kufuata, na hiyo ni dharura. Andika kwa wiki nzima saa ya kumeza, ya kula na ya kukakamaa, kabla hujaomba dozi iongezwe.

Kuna dhana nyingine kuhusu chakula na ubongo: kwamba glukosi (sukari) ya pakiti kabla ya mtihani huupa ubongo nguvu zaidi. Sukari ya damu ikiwa ya kawaida, glukosi inayoingia ubongoni tayari inatosha kinachochomwa. Ukiongeza, ubongo hauchomi zaidi.



Na ubongo haungoji insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ili uingize sukari. Protini safirishi zake za sukari, GLUT1 na GLUT3, hufanya kazi bila hiyo. Kwa mwenye kisukari anayejidunga insulini, kinachouumiza ubongo haraka ni insulini iliyozidi, maana hushusha sukari ya damu kupita kiasi. Kipimo cha sukari ya damu kikishuka chini ya 3.9 mmol/L, koroga vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji, kunywa, pima tena baada ya dakika 15.