Paka mwenye madonge: mkasi uache kabatini

Kila mwaka, siku tatu nne kabla ya Idi, najua kliniki itapokea paka aliyekatwa. Watu wanafua mapazia, wanapaka ukuta rangi, na paka naye anaingizwa kwenye usafi wa sikukuu. Safari hii alikuwa jike mweupe wa Kiajemi, umri miaka mitano, kabebwa ndani ya kapu la sokoni lililofunikwa kanga. Mwenyewe, mama mtu mzima, hata benchi hakukalia. "Dokta, nimemkata mwanangu."

Alitaka kuondoa donge la manyoya kwapani. Akalishika, akalivuta kidogo lije juu, akapitisha mkasi chini yake. Donge likatoka zima. Paka hakulia. Nusu saa baadaye binti wa nyumbani ndiye aliyeona kwamba kwapa limefunuka kama mdomo. Damu karibu hakuna, na ndiyo maana majeraha haya huchelewa kuonekana. Nilishona nyuzi sita. Donge lenyewe alikuja nalo ndani ya tishu. Nilipoligeuza, upande wa chini kulikuwa na kipande cha ngozi ukubwa wa sarafu.

Simsimulii kwa kumsema. Alikuwa mwangalifu, na mkasi wake ulikuwa mpya, mkali. Uangalifu hausaidii hapa kwa sababu macho hayaoni kinachokatwa. Mbane paka wako ngozi ya mgongoni kwa vidole viwili, uinyanyue taratibu: inafuata juu kama turubai, kisha inarudi. Ngozi ya paka ni nyembamba na haikushikamana sana na nyama, na kwapani na kinenani ni nyembamba zaidi. Sasa fikiria mamia ya nywele zimefumana kuwa donge moja, na kila nywele ina mzizi wake kwenye ngozi hiyo. Ukivuta donge, ngozi inapanda nayo, inaingia ndani ya donge. Wewe unaona manyoya tu. Mkasi hautofautishi.

Wengine huniambia, "Lakini mimi niliweka kitana kati ya mkasi na ngozi." Mbinu hii inasambazwa sana, nami siipendi. Kama kitana kinapita chini ya donge bila kusukumwa, basi donge hilo lilikuwa la kuchambua kwa mkono, mkasi haukuhitajika. Kama hakipiti, ukilazimisha, huwezi kujua kimepita juu ya ngozi au kimeacha ukunjo wa ngozi upande wa mkasi. Nimeshona paka waliokatwa kwa mbinu hiyo.

Madonge yanatoka wapi? Paka wa manyoya marefu ana vazi la tabaka mbili: nywele ndefu za juu, na chini yake manyoya laini kama sufi ya mto. Sufi hiyo hufa na kung'oka siku zote. Kwa paka wetu wa kawaida, wa manyoya mafupi, huanguka kwenye kochi au huondolewa na ulimi, ambao una vijiba vigumu vilivyopinda kurudi nyuma. Kwa mwenye manyoya marefu haianguki; inanaswa njiani. Ukiongeza mafuta ya ngozi, mate, vumbi na msuguano wa kutembea, inasokotana. Kwa hiyo anza kutafuta pale panaposuguana: kwapani, kinenani, nyuma ya masikio, chini ya ukanda wa shingo, nyuma ya mapaja, tumboni. Mgongo unaweza kung'aa kama wa paka wa kwenye kalenda huku tumbo likiwa rasta tupu. Mwenye paka hupapasa mgongo.

(Na si kila paka wa manyoya marefu ni wa Kiajemi, hata kama ulilipia bei ya Kiajemi. Kweli paka wa aina hii walijulikana huko zamani: msafiri wa Kiitaliano Pietro della Valle aliwaeleza alipokuwa Uajemi karne ya 17. Lakini jeni ya manyoya marefu ni ya kujificha, na paka wawili wa mtaani wenye manyoya mafupi, kila mmoja akiwa nayo bila kuonyesha, wanaweza kuzaa mtoto mwenye mkia kama ufagio wa vumbi.)

Baada ya mkasi, kosa linalofuata ni beseni. Mtu anaona uchafu, anafikiri maji na shampuu vitalainisha. Vinakaza. Donge likilowa na kukauka hujifunga zaidi, kama sweta la sufu lililofuliwa kwa maji ya moto, na likiwa kubwa ndani halikauki leo wala kesho. Kwa joto na unyevu wa Dar, ngozi iliyofunikwa hivyo inaanza kuchubuka na kunuka. Madonge kwanza, kuoga baadaye, na paka wengi hiyo baadaye hawaihitaji kabisa.

Donge dogo, lililolegea, linaloning'inia mbali kidogo na ngozi, unaweza kulimaliza nyumbani. Chagua saa ya uvivu wa mchana, paka ameshakula. Nunua chanuo la chuma lenye meno yaliyoachana na ncha butu, na kitana cha chuma cha meno ya karibu kwa kumalizia. Kwa mkono mmoja bana manyoya katikati ya donge na ngozi, bana kwelikweli, ili mvuto wowote uishie kwenye vidole vyako usifike kwenye ngozi. Nyunyiza kornflawa kidogo, ipapase iingie ndani, inapunguza kukwama. Kisha vidole kwanza, chanuo baadaye, ukichambua kuanzia nchani. Akina mama na mabinti wanaosuka nywele hunielewa papo hapo, kwa sababu mtoto mwenye nywele ngumu huchanwa hivyohivyo. Wanaume huanzia shinani, wakashangaa wamekwaruzwa.

Dakika tatu zinatosha. Tano kama amesinzia. Donge lisipoisha, liache, endelea kesho. Hili ndilo watu hawalikubali: wanataka paka mzima amalizike Jumamosi moja. Paka hana mpango huo. Atakupa dalili mapema, tena kwa mpangilio: ncha ya mkia inaanza kupiga, ngozi ya mgongo inatetema, masikio yanalala pembeni, mboni zinapanuka. Acha kwenye mkia; ukisubiri masikio umechelewa. Akifungua mdomo na kuhema kama mbwa, hiyo si hasira tena. Mwachie papo hapo, mpeleke penye ubaridi na utulivu, na asipotulia haraka piga simu kliniki. Hawa wa Kiajemi wenye pua bapa hupumua kwa shida hata siku njema.

Usimbane kwa ngozi ya shingo wala kumning'iniza. Mama yake alimbeba hivyo akiwa kitoto cha wiki chache; sasa unamtia hofu tu, na paka mwenye hofu hung'ata hadi kwenye kano. Akikung'ata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni kitundu kidogo. Vitundu vidogo ndivyo vibaya, kwa sababu jino lake jembamba hupanda vijidudu ndani kabisa kisha ngozi inajifunga juu. Na kwetu kichaa cha mbwa bado kipo. Paka naye hukibeba.

Nikiulizwa mashine, jibu langu ni kwamba ndiyo kifaa sahihi, ila si lazima kiwe mkononi mwako. Tunatumia mashine ya wanyama yenye wembe namba 10, unaoacha takriban milimita moja na nusu. Nyembe zenye meno marefu yaliyoachana hunasa ngozi katikati ya meno. Wembe hulazwa sambamba na mwili, ngozi imevutwa ikanyooka kwa mkono wa pili, na unapita kati ya ngozi na donge bila kukandamiza. Kila dakika mbili tunaugusa kwenye kifundo cha mkono kupima joto, maana wembe uliochemka unaunguza na alama huonekana kesho yake. Kuna chuchu za kukwepa, ambazo hata dume anazo, na kuna ule ukunjo wa ngozi unaounganisha paja na tumbo, ambao umewashinda watu wenye uzoefu kunizidi. Donge moja la mgongoni kwa paka mpole, na umeshaonyeshwa namna, sawa. Kwapani, kinenani, karibu na sehemu ya haja, au pale madonge yameungana yakawa mkeka mmoja, mlete.

Mkeka tunauondoa paka akiwa amepewa dawa ya usingizi. Watu huiogopa, na ni haki yao kuuliza. Tunampima uzito, tunasikiliza moyo, mara nyingi tunachukua damu, na tunakueleza aache kula saa ngapi. Kwa wengine huanza na kidonge cha gabapentini, dawa ya kumtuliza, anachopewa nyumbani saa mbili tatu kabla, kwa kipimo tulichokupa sisi, na safari yenyewe inakuwa nyepesi. Kinachonitisha ni dawa za kabatini. Kidonge kimoja cha parasetamoli cha mtu mzima kinaweza kumuua paka. Ini lake haliwezi kuivunja kama letu. Diazepamu ya kumeza, dawa ya watu ya kutuliza wasiwasi, nayo imewahi kuharibu ini la paka. Na ukikuta viroboto chini ya madonge, kama kawaida, usichukue dawa ya kupe ya mbwa wala ile ya kuogeshea ng'ombe. Ikiwa na permethrini, sumu ya kuulia wadudu, paka ataanza kutetemeka, kisha degedege. Hao nimewapokea usiku wa manane, na si wote niliowarudisha.

Chini ya mkeka hukuta ngozi nyekundu, michubuko, wakati mwingine vidonda. Karibu na mkia, kinyesi kikiwa kimeganda, nzi hutaga, na nimewahi kunyoa nikakuta funza hai. Mkeka nao huvuta: paka akitembea kila hatua inamfinya, kama mtu aliyesukwa twende kilioni kwa kukazwa mno, halafu hawezi kufumua. Wakishanyolewa na kuamka wengine huruka juu ya meza kama vitoto. Wenyewe hudhani ni dawa.

Ila kuna swali nauliza kabla ya kuwasha mashine: alianza lini? Paka aliyekuwa akijisafisha miaka yote, ghafla akaacha, hajawa mchafu. Ana sababu. Msimu wa mvua uliopita bwana mmoja alileta dume la miaka 13, madonge yote yako kiunoni na juu ya mkia, mbele safi kabisa. Alikuwa anamlaumu binti wa kazi kwamba hamchani. Nilimgeuza paka kidogo nyonga, akanigeukia kwa meno. Picha ya eksirei ilionyesha nyonga zote mbili zimelika. Alikuwa hawezi kujikunja kufika nyuma, basi. Wengine ni meno: fizi zimeoza, kulamba kunauma, madonge yanatapakaa kila mahali. Wengine ni unene tu, tumbo linazuia kichwa. Ukimnyoa wa namna hii bila kutibu sababu, baada ya miezi michache unanyoa tena palepale.

Akishanyolewa, siku mbili tatu anaweza kujilamba sana au kutikisa kichwa, hasa kama madonge yalikuwa masikioni. Sikio likivimba kama andazi, rudi. Mshipa umepasuka ndani. Usimwache akaota jua dirishani, hasa mweupe, maana ngozi hiyo haijawahi kuliona. Manyoya hurudi kwa miezi minne, sita, wengine zaidi. Na wale wenye mwili wa rangi ya krimu na uso mweusi wasikushtue: rangi yao hutegemea joto la ngozi, kwa hiyo palipobaki wazi na baridi manyoya yanaweza kuota meusi zaidi. Vazi likija kubadilishwa, rangi hurudi.

Kunyoa mwili mzima eti kwa sababu ya joto la pwani sikushauri kama hana madonge. Manyoya yaliyochanwa hupitisha hewa. Feni, maji mengi na chanuo kila siku vinamtosha.

Yule mama wa Idi alirudi baada ya siku 14 kutolewa nyuzi. Kidonda kimefunga vizuri. Alikuja na chanuo jipya kwenye mkoba, akataka nimwonyeshe pale mezani. Kwapa la kulia paka hataki liguswe kabisa, na simlaumu. Tumeanza kidevuni, dakika moja, kisha kipande cha kuku.