Maana ya kuegesha, kwa anayesema "nimesimama tu"

Jumanne iliyopita nimeisikia tena. Gari limepandisha magurudumu mawili juu ya njia ya waenda kwa miguu, mbele kabisa ya mlango wa kliniki ya macho, taa za hazadi zinawaka. Kijana kwenye usukani anachezea simu. Nikamwomba asogee kidogo nimshushe baba. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Dada, mimi sijaegesha, nimesimama tu." Ikabidi tushukie ng'ambo, nikamvusha mzee barabara akiwa amenishika bega, bodaboda zikitupita mbele na nyuma.

Sentensi hiyo naisikia kila wiki. Mlangoni mwa shule, nje ya duka la dawa, kwenye kituo cha daladala, hata juu ya zebra. Anayeisema huisema kwa uhakika wa mtu aliyeisoma mahali, na ndiyo maana nimeona niiandikie.

Maana yenyewe ni fupi. Kuegesha gari ni kuliacha limetulia mahali kwa muda unaozidi ule wa kushusha au kupakia watu na mizigo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2009, unapambanua hivyo hivyo: gari lililozuiwa na foleni au taa nyekundu halimo kwenye hesabu, linaloshusha abiria limesimama kwa muda ule tu ambao kazi hiyo inahitaji, linalotulia zaidi ya hapo limeegeshwa. Hakuna panaposema kwamba dereva akibaki ndani mambo yanabadilika. Injini kuwaka au kuzimwa hakuhusiki. Taa za hazadi nazo hazisafishi kitu. Kitabu cha kanuni za barabarani cha Uingereza kinakataza waziwazi kuzifanya kisingizio cha kuegesha pasiporuhusiwa. Kijana wa Jumanne alikuwa ameegesha tangu abiria wake alipoingia kliniki na mlango wa gari ukafungwa.

Hiyo ni sheria. Mimi nataka kukaa na neno.

Egesha halikuzaliwa barabarani. Watu wa pwani waliegesha mashua na majahazi kabla motokaa ya kwanza haijashushwa Mombasa au Dar es Salaam. Baba alifanya kazi bandarini maisha yake yote, na nyumbani kwetu neno hili lilitamkwa kwa maana yake ya majini kabla sijalisikia likisemwa juu ya gari. Nahodha anaegesha chombo gatini: anakileta ubavu kwa ubavu na gati, taratibu, mpaka kamba irushwe na kudakwa, watu washuke, mzigo ushuke. Ni kazi ya ustadi. Ukikosea kidogo unaumiza chombo, ukikosea zaidi unaumiza gati.

Shina lake ndilo lile la egama na egemea. Mtu huegama kwenye mto, mzee huegemea fimbo, ngazi huegemezwa ukutani. Tazama ndugu hao wote: kila mmoja anahitaji vitu viwili, kinachoegama na kinachoegemewa. Huwezi kuegama hewani. Simama ni neno la namna nyingine, linajitosheleza. Mbuyu umesimama peke yake katikati ya uwanda na sentensi imekamilika. Lakini ukisema umeegesha, msikilizaji ana haki ya kukuuliza: kwenye nini? Kando ya nini? Neno lenyewe linadai ukingo, linadai jirani. Kwa hiyo ninaposikia "ameegesha katikati ya barabara" masikio yananiuma kama ninavyoumia nikisikia mtu ameegemea bila ukuta.

Mabaharia wana tofauti nyingine, na hii ndiyo inayonisumbua zaidi ninaposikiliza taarifa ya habari. Meli ikifika, mtangazaji husema "imetia nanga", hata kama imekwisha kufungwa kamba na abiria wanashuka ngazi. Nanga hutiwa mbali na ukingo, mahali paitwapo nangani, chombo kikisubiri zamu yake. Gatini ni kwingine. Aliyeko nangani anasubiri, aliyeko gatini ameegesha, na kila mmoja ana mahali pake palipokubaliwa. Sasa sikia: lango la bandari ya Dar es Salaam ni jembamba. Nahodha akitia nanga katikati yake halafu akasema "nasubiri tu", hakuna atakayemsikiliza, kwa sababu kusubiri nako kuna mahali pake. Yule kijana alidhani kwamba kusimama kunampa ruhusa ambayo kuegesha hakumpi. Majini hakuna dhana kama hiyo.

Ipo na hali ya tatu, ya chombo kilichopwelewa. Maji yametoka, chombo kimelala ubavu mchangani, hakiendi popote mpaka maji yajae. Barabarani hali hiyo tunayo pia. Lori lililokatika ekseli mlimani, likawekewa matawi nyuma ili wenzake waone kwa mbali, limepwelewa. Halijaegeshwa, na anayeandika kwamba "liliegeshwa vibaya" anamtwisha dereva kosa la hiari kwa jambo ambalo hakulichagua. Maneno matatu, hali tatu, na lawama za uzito tofauti.

Nyumbani neno limebeba maana nyingine tena, na hii naipenda kuliko zote. Usiku mama anamwambia mtoto: "Usifunge, egesha tu mlango, kaka yako hajarudi." Mlango umegusana na fremu, lakini haukubanwa, anayekuja atausukuma na kupita. Kilichoegeshwa kinampisha mwingine. Na kuna kujiegesha, kama anavyofanya mtu aliyefika kwa shemeji yake kutafuta kazi mjini: amepewa kona, anakula pamoja na wenyeji, na anajua kwamba nyumba si yake. Ukichukua gati, mlango na shemeji ukaviweka pamoja, unapata maana ya neno hili kamili kuliko kamusi inavyoweza kuitoa kwa mstari mmoja: kujiweka karibu na kitu kisicho chako, kwa namna isiyomfungia njia mtu mwingine.

Wanaopendelea kusema "kupaki" hawajatoka nje ya maana hiyo kama wanavyodhani. Neno limetoka Kiingereza, nacho kililipata Kifaransa, parc, eneo lililozungushiwa uzio. Jeshi ndilo lililolifanya kuwa tendo: mizinga na mikokoteni ilikusanywa kwenye uwanja mmoja uliotengwa, ikapangwa, ikalindwa. Magari yalilirithi baadaye. Kampala bado wana Old Taxi Park, uwanja wenye mipaka ambamo magari ya abiria hujipanga, na hapo neno lipo karibu sana na asili yake. Kwa hiyo paki nayo ina uzio ndani yake, kama egesha ilivyo na gati. Kosa huja watu wanapoichanganya na pakia, neno letu la siku nyingi lisilo na udugu wowote na uzio wa Wafaransa, halafu mtu aliyeziba uchochoro tangu asubuhi anasema "napaki mzigo" kana kwamba ni kitendo kimoja.

Kwa nini nashikilia neno namna hii? Kwa sababu ya baba.

Baba aliacha kuendesha miaka mitatu iliyopita. Presha ya macho ilikuwa imekwisha kumla uoni wa pembeni kabla hajagundua. Gazeti alisoma, sura za watu alizitambua, lakini bodaboda aliyetokea kushoto hakumwona mpaka alipofika mbele ya boneti. Siku moja aliniwekea funguo mezani bila kusema neno. Leseni yake ilikuwa haijaisha muda, na marafiki zake walimwambia, mzee, una leseni, endesha. Aliwajibu kwamba leseni ni ruhusa iliyotolewa siku moja na macho ni ya kila siku. Sijawahi kujivunia kitu chochote alichofanya kuliko hicho.

Lakini mtu akiacha usukani lazima awe na njia nyingine ya kufika anakokwenda, na hapo ndipo nilipoanza kuutazama mji kwa macho mengine. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza hapa Dar es Salaam mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, baba alifurahi kama mtoto. Kituo kipo mwendo wa dakika kumi kutoka kwake. Dakika hizo kumi siku hizi hawezi kuzitembea. Njia ya miguu imekaliwa na magari ya watu waliosimama tu, kwa hiyo kila baada ya hatua chache anatakiwa kushuka barabarani, upande ule ule asiouona. Basi tunampeleka kwa gari. Na gari letu nalo likifika linatafuta pa kutulia, linaongeza idadi. Mzee aliyefanya jambo la busara kuliko yote, la kuacha kuendesha, tumemrudisha ndani ya gari kwa sababu ya wale wasiojua maana ya neno moja.

Tatizo lenyewe ni la hesabu pia. Anayeendesha saa moja kwenda kazini na saa moja kurudi, gari lake limetulia saa 22. Likiwa limetulia linahitaji kama mita 2.5 kwa 5, yaani zaidi ya mita 12 za mraba, ukubwa wa chumba ambacho familia nyingi za mjini zinapanga. Tunapojadili magari tunajadili mwendo, foleni na bei ya mafuta, wakati sehemu kubwa ya maisha ya gari ni kukaa mahali. Wajapani waliliona hilo mapema. Sheria yao ya mwaka 1962 inamtaka mwenye gari awe na mahali pa kuliweka, polisi wathibitishe kwamba nafasi hiyo ipo kweli, na kanuni za sasa zinataka isizidi kilomita 2 kutoka anakokaa. Vitz, IST na Probox nyingi tunazoendesha huku zilianza maisha yao kwa utaratibu huo. Zilikuwa na gati kabla ya kupata dereva. Ziliposhushwa melini kwetu, hakuna aliyemuuliza mnunuzi ataliegesha kwenye nini.

Ndiyo maana kila mtu anajitengenezea jibu lake. Mwenye duka anapanga mawe yaliyopakwa chokaa na kiti cha plastiki kilichovunjika mguu, anasema "hapa ni maegesho yangu", na ardhi ile ni hifadhi ya barabara. Mwenye gari Kariakoo analipa ushuru wa maegesho na kuamini amenunua. Ushuru ni malipo ya kutumia nafasi ya umma kwa saa. Risiti haina uwezo wa kuigeuza njia ya miguu kuwa maegesho. Nimewasikia watu wazima wenye elimu nzuri wakimwambia mama mwenye mtoto mgongoni azunguke, kwa sababu wao wamelipia. Na wote wawili, wa mawe na wa risiti, wamechukua neno la mtu aliyejiegesha kwa shemeji wakalitumia kama neno la mwenye nyumba.

Nirudi Jumanne. Tulipotoka kliniki, baba akiwa amewekewa dawa ya matone na amefumba jicho moja, kijana alikuwa pale pale. Nilitaka tupite. Baba akasimama kwenye dirisha lake. Kijana akateremsha kioo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeegesha kwenye nini?"

Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. "Sijaegesha, mzee, nimesi..." Akanyamaza mwenyewe.

"Nisikilize," baba akamwambia, mkono wake juu ya paa la gari kama alivyokuwa akishika ubavu wa mashua. "Ukiwa kando ya kitu na watu wanapita, umeegesha. Ukishusha mtu na kuondoka, umesimama. Hapa umeziba. Sema tu umeziba, mtu atakuelewa na atakusubiri usogee."

Kijana akawasha gari, akashuka taratibu kutoka kwenye ukingo, akaenda kusimama mbele kidogo, kando ya ukuta.