Mama akikwambia siri yake, usimwite mume

Wiki iliyopita nilimaliza kufundisha kundi jipya la watu wa kujitolea wanaosaidia wanawake waliopigwa nyumbani hapa Bukavu, mashariki mwa Congo, akina mama 8 na vijana 4 kutoka Kadutu na Bagira. Siku ya kwanza huwa nawauliza swali moja tu. Jirani yako anakuja usiku, jicho limevimba, anasema mume wake amempiga. Kesho asubuhi utafanya nini? Karibu wote walinijibu kama wenzao wa miaka iliyopita: nitamwita mume, tuketi, tuzungumze, wapatane. Mmoja akaongeza mchungaji. Mwingine akamtaja shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu.

Ninawaelewa, maana ndivyo tulivyolelewa. Wakubwa wanasikiliza pande zote, mwenye kosa analeta mbuzi au katoni ya bia, watu wanakula, yamekwisha. Kwa mambo ya kiwanja au ya deni njia hiyo imetusaidia sana na sitaki ife. Lakini kwenye kipigo upande mmoja unaogopa, na mtu anayeogopa hapatani na mtu. Anaitikia tu.

Nililijua hilo kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili katika kazi hii ya usaidizi wa kisaikolojia, mama mmoja alinieleza mambo yake kwa muda wa saa nzima. Nilimwita mume. Alikuja amevaa shati safi, akalia mbele yetu, akaomba msamaha, akatununulia soda. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Wiki tatu baadaye mama yule alirudi mkono umefungwa kwa kikwembe. Usiku uleule wa soda alipigwa kwa sababu ametoa siri za nyumba nje. Mimi ndiye niliyempelekea mume habari kwamba mke wake amesema.

Bukavu inajulikana duniani kote kwa ubakaji wa vita. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imewapokea maelfu ya wanawake, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Ni haki yake. Ila kwa kuusikia sana ubakaji wa vita, tumezoea kudhani mtesaji lazima awe na bunduki na atoke msituni. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013-2014 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wanawake wa Congo waliowahi kuolewa walikuwa wamepata ukatili wa mume, wa mwili, wa maneno au wa kitandani. Wengi wanaonigongea mlango wanatoka katika hesabu hiyo.

Basi mafunzo yetu yanaanza kwa kunyamaza. Wawili wanaketi kwenye vibao, mmoja anasimulia jambo lililomuumiza, na kwa dakika 10 mwenzake haruhusiwi kuuliza "kwa nini". Anaweza kusema pole. Anaweza kusema nakusikia, endelea ukitaka. "Kwa nini" tumeikataza kwa sababu aliyepigwa anaisikia kama mashtaka: kwa nini hukunyamaza, kwa nini hukurudi kwenu. Mama mmoja wa kundi la mwaka jana, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa soko la Kadutu na msemaji kwelikweli, alishindwa baada ya dakika 2. Siku ya tatu alizimaliza zote 10, jasho likimtiririka.

Mama huyo alitufundisha na sisi jambo. Huku nyumba zimebanana mlimani, paa la mmoja liko usawa wa kizingiti cha mwingine, kuta ni za mbao. Ukikohoa, nyumba tatu zinakusikia. Mtu wa kujitolea akionekana anaingia kwa fulani mara mbili, avenyu nzima imejua. Yeye akagundua mvua. Mvua ikipiga mabati hakuna anayesikia neno la jirani, na kila mtu amejifungia kwake. Akiona wingu linashuka upande wa ziwa, anajitwika beseni lake kama mtu anayetaka kumaliza biashara, na matone ya kwanza yanamkuta mlangoni kwa mama anayemfuata. Anaomba hifadhi. Hakuna anayeshangaa kuona muuza samaki anajikinga mvua.

Watu wengine wanatusema kwamba hatuwaambii wanawake waondoke. Ni kweli, hatuwaambii. Siku mwanamke anapoondoka, au mume anaponusa tu kwamba anataka kuondoka, ndiyo siku ya hatari kubwa kuliko zote. Atakayelala katika hatari hiyo ni yeye, kwa hiyo uamuzi ni wake. Sisi tunamsaidia kujitayarisha. Tunatafuta naye mfuko mdogo: kadi ya mchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karatasi zao za shule, pesa kidogo, ufunguo wa pili. Mfuko huo haukai nyumbani. Mara nyingi unakaa kwa mwenzake wa muso, kikundi cha kuweka akiba pamoja, mwanamke ambaye tayari anamwaminia akiba yake.

Kuhusu sheria nitasema machache. Congo haina sheria maalum ya ukatili wa nyumbani, tunatumia zilizopo. Kanuni ya adhabu ya mwaka 1940 inamhukumu anayempiga mtu, wala haimtoi mume. Sheria ya Julai 2006 inakataza kesi ya ubakaji kumalizwa kwa faini ya polisi. Kanuni ya familia, iliporekebishwa Julai 2016, ilifuta ile ruhusa ya mume ambayo mke alipaswa kuwa nayo kabla ya kusaini mkataba. Wengi bado hawajaambiwa. Lakini kama kuna ubakaji, hospitali kwanza. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinafaa zikianzwa ndani ya masaa 72, na dawa ya kuzuia mimba ndani ya masaa 120. Namba hizi mbili watu wetu wanazikariri kama sala, maana mimi nimewaona waliofika siku ya tano wakitoka kwenye kikao cha familia.

Wale vijana 4 kazi yao ni nyingine. Kila mmoja anakuwa yaya, yaani kaka mkubwa, wa watoto watatu au wanne wa miaka 13 hadi 17 wanaotoka katika nyumba zenye vipigo. Wanakutana Jumamosi, wanachota maji pamoja, wanatengeneza baiskeli, wanarudia hesabu za shule. Nimewakataza kuhubiri. Kijana atakuuliza mwenyewe siku akiona humcheki.

Mmoja wa watoto hao, nitabadilisha mambo madogo asitambulike, alikaa miezi miwili bila kusema lolote. Siku moja, akifunga mnyororo wa baiskeli, akauliza bila kuinua macho: "Yaya, baba akianza kumpiga mama na mimi niko pale, nifanye nini?" Alikuwa amezoea kuingia katikati, na alama alikuwa nayo juu ya nyusi. Yaya wake hakumsifu kwa ujasiri wala hakumlaumu. Alimwambia kazi ya kumzuia baba si ya mtoto. Yake ni kumchukua mdogo wake, kutoka, na kwenda kwa mtu mzima waliyekubaliana naye mapema.

Mtu huyo walimtafuta pamoja. Ni bibi mmoja mjane wa nyumba ya chini, alikubali bila kuuliza mengi. Jumamosi iliyofuata kijana alikuja na mdogo wake wa miaka 6, akamshika mkono, wakatembea kutoka mlango wao hadi mlango wa bibi, wakihesabu hatua kwa sauti kama mchezo. Zilikuwa 32. Mdogo akaomba warudie, safari hii amefumba macho.